Kijiti cha miaka mitatu

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja huku Chamwino, Dodoma. Mama mmoja, mtoto mgongoni, akamwambia nesi: "Naomba kile cha miaka mitatu." Kijiti, alimaanisha, kile cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Suala la watoto wangapi halikutajwa. Alichotaka ni nafasi tu. Sisi watu wa demografia tumezoea kubishania idadi, kumbe sera zetu kwa muda mrefu zimesema lugha ya yule mama.

Mkoloni alilalamikia uhaba wa watu, si wingi. Ugogo, eneo letu hili la Dodoma, ilikuwa imetoka kwenye njaa ya Mtunya (1918–1920), na serikali ilitaka vibarua na walipa kodi. Sensa ya 1967 ilipotuhesabu Watanzania tukawa milioni 12.3, ardhi bado ikionekana tele. Hata hivyo, mwaka 1969, akiwasilisha mpango wa pili wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba kuzaa hata mnyama anazaa. Kazi ni kulea. UMATI, chama cha uzazi na malezi bora kilichoanza tangu 1959, kikaruhusiwa mwaka 1974 kutoa huduma kwenye kliniki za serikali za mama na mtoto. Hoja yake ilikuwa afya: mama apumzike kati ya mtoto na mtoto.

Sera ya kwanza ya idadi ya watu ilikuja 1992, ikiunganisha ongezeko la watu na maendeleo. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, uliofanyika Cairo mwaka 1994, upepo ukageukia haki za uzazi za wanandoa na za mtu binafsi, na sera ya 2006 ina harufu hiyo. Mwaka 2018, akiwa Meatu, Rais Magufuli aliwaita wanaotumia uzazi wa mpango wavivu wa kulisha watoto. Mwaka 2022, Rais Samia akiwa Geita akaomba tupunguze kasi ya kuzaa.

Lakini sheria ya kazi ya 2004 ndiyo inayonivutia zaidi. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84 katika mzunguko wa miezi 36, yaani miaka mitatu kama ya kile kijiti, na mwajiri halazimiki kutoa zaidi ya mara nne. Hiyo nayo ni sera ya uzazi, ila imejificha kwenye karatasi za mishahara, na mkulima wa uwele Chamwino haimgusi.

Nesi alimjibu kwamba siku ile kipo cha miaka mitano tu. Mama akahesabu kwa vidole. "Niwekee hichohicho. Nikimtaka mwingine mapema, nitakuja mkitoe."