Mstari Mmoja Haumfanyi Mtu Kuwa Teja

"Dada, mimi hata sigara sivuti." Kijana aliyeniambia hivyo alikuwa ameomba kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na kipimo cha mkojo nilichomfanyia kilionyesha amfetamini, dawa ya kulevya inayochangamsha mwili. Mfukoni alikuwa na bahasha ya vidonge vya klopromazini, anavyomeza kila usiku tangu alipougua ugonjwa wa akili.

Watu husema kipimo hakidanganyi. Lakini kile kipande cha plastiki hakiitambui dawa yenyewe. Kina kingamwili, yaani protini zinazonasa umbo la molekuli, na molekuli ya dawa nyingine ikifanana nayo, hunaswa pia. Klopromazini na promethazini huweza kusomeka kama amfetamini, kwetiapini ya ugonjwa wa akili kama methadoni, dawa ya jamii ya afyuni, na sertralini ya sonona kama dawa za kutuliza za kundi la diazepamu. Kingamwili za kila kampuni ni tofauti, kwa hiyo mkojo uleule unaweza kuwa chanya kwenye kipimo kimoja na hasi kwenye kingine.

Hata kusoma majibu hukosewa. Aliyezoea kipimo cha malaria au mimba anajua mistari miwili ni chanya. Hapa ni kinyume: mistari miwili ni hasi, hata kama wa pili umefifia. Mstari wa T, yaani wa dawa inayotafutwa, usipotokea kabisa huku ule wa C unaoonyesha kipimo kimefanya kazi ukiwepo, ndipo tunaandika chanya, tena chanya ya awali. Uhakika hutoka kwenye mashine inayotenganisha kemikali na kupima molekuli zake moja moja.

Wengine wanadhani ukiandikiwa dawa na daktari, kila chanya ni ya uongo. Hapana. Anayetumia diazepamu, au fenobabitali kwa ajili ya kifafa, kipimo kimemsoma sawasawa; anachohitaji ni maelezo ya daktari wake.

Linaloniumiza zaidi ni ushauri wa "acha dawa wiki moja kabla ya kupimwa". Kijana yule aliupata kwa mtu wa nyumbani anayempenda. Kuacha ghafla huleta kichefuchefu na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe unaweza kurudi. Nilimsihi asiruke hata usiku mmoja. Kwenye fomu niliandika jina la dawa, miligramu na saa aliyomeza mara ya mwisho, kisha nikaomba sampuli ileile ipelekwe kuhakikiwa. Kikopo kilifungwa mbele yake, akaweka sahihi juu ya utepe.