Je, wajua kwa nini sufuria yako haiingii katika jiko la sinagogi?

Familia ya Kiyahudi nchini Marekani inapokuwa na shughuli katika sinagogi, tuseme bar mitzva ya kijana aliyetimiza miaka 13 au karamu ya kumpa jina mtoto wa kike, huwa na njia mbili za kuwalisha wageni wake. Ya kwanza ni kukodi kampuni ya upishi yenye kibali cha kosheri, yaani cha chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi, na gharama yake si ndogo. Ya pili, ambayo sinagogi nyingi huiruhusu, ni familia kujipikia yenyewe katika jiko la sinagogi kwa msaada wa ndugu na marafiki. Anayechagua njia hii ya pili hukabidhiwa masharti kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na sharti la kwanza huwashangaza wengi: chakula kilichopikwa nyumbani hakiingii, wala sufuria, kisu, mwiko au trei ya nyumbani haiingii, hata kama viungo vyote vinaruhusiwa na mwenye nyumba anajulikana na wote kwa uchaji wake. Kwa nini mtu akatazwe kuleta wali alioupika kwa mchele, mafuta na chumvi tu?

Ili kulielewa jibu, tupitie kwanza kwa haraka misingi yenyewe. Torati, katika Mambo ya Walawi sura ya 11 na Kumbukumbu la Torati sura ya 14, inaruhusu mnyama mwenye kwato zilizopasuka anayecheua, na samaki mwenye mapezi na magamba. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaliwa. Nguruwe, ngamia na sungura hawaliwi, na kamba, kaa, pweza na ngisi wote wako nje. Mnyama huchinjwa na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa na kupewa idhini, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo. Kisha nyama hulowekwa nusu saa, hupakwa chumvi ya chenga kwa saa moja ili damu itoke, na kusuuzwa. Kwa hiyo nyama ya halali kutoka bucha la Kiislamu, ijapokuwa taratibu hizi mbili zinakaribiana kwa mengi, haipokelewi katika jiko la sinagogi.

Juu ya hayo kuna katazo lililorudiwa mara tatu katika Torati, la kumtokosa mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Walimu wa sheria walilielewa kuwa linakataza kupika nyama pamoja na maziwa, kula mchanganyiko huo na hata kunufaika nao, nao wakaongeza ndege wafugwao, kama kuku, katika hesabu ya nyama. Hivyo vyakula vyote vikagawanyika katika mafungu matatu: vya nyama, vya maziwa, na vile visivyo upande wowote, viitwavyo pareve, kama vile matunda, mboga, nafaka, mayai na samaki.

Hapo ndipo sufuria inapoingia katika habari. Sheria ya Kiyahudi inahesabu kwamba chombo kinachopikiwa kwa moto kinafyonza ladha ya kile kilichomo, na kwamba kikipata moto tena kinaitoa ladha hiyo katika chakula kinachofuata. Mama wa Pwani aliyewahi kupikia papa katika chungu kipya hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa maana anajua kuwa chungu kile hakitachemshia tena chai ya maziwa. Msingi wa kimaandiko umo katika Hesabu sura ya 31, ambako Waisraeli waliotoka vitani na vyombo vya Wamidiani waliagizwa kuvipitisha motoni vile viwezavyo kustahimili moto, na vingine majini. Kutokana na maneno hayo machache, marabi walijenga kanuni inayosema kwamba chombo hutoa ladha kwa njia ileile kilivyoipokea. Sufuria ya chuma iliyofyonza kwa maji yanayochemka husafishwa kabisa, huachwa saa 24 bila kutumika, kisha huzamishwa katika maji yanayotokota. Wavu wa kuchomea nyama, ambao ulifyonza kwa moto mkavu, hurudishwa motoni hadi uwe mwekundu. Chungu cha udongo hakina dawa, kwani kinafyonza na hakitoi chote; Torati yenyewe, katika Mambo ya Walawi, inaagiza kivunjwe.

Wali wetu wa mchele, mafuta na chumvi, basi, hauwi pareve kwa sababu tu hakuna nyama ndani yake. Unabeba historia ya sufuria. Ikiwa sufuria ile ilipikiwa jana mchuzi wa krimu, wali ule haufai kuwekwa mezani pamoja na nyama ya kondoo. Na ikiwa iliwahi kupikiwa kamba, haufai kuwekwa mezani hata kidogo. Kisu nacho kina habari yake, ambayo wapishi wageni huisahau mara nyingi. Kwa kawaida kitu baridi hakifyonzi, lakini kitunguu, kitunguu saumu, limau na pilipili huhesabiwa kuwa vikali, na ukali wao pamoja na mkandamizo wa kisu vinatosha kuitoa ladha iliyomo kwenye chuma. Kitunguu kilichokatwa kwa kisu cha nyama kimekuwa cha nyama, ingawa kimekatwa kibichi juu ya ubao safi. Ukikitia katika mchuzi wa jibini, umeuharibu mchuzi, na pengine sufuria pia.

Nadhani wengi hulichukulia katazo la chakula cha nyumbani kuwa ni kuwashuku watu, na ni vizuri kueleza kwa nini sivyo. Sheria ya Kiyahudi inakubali ushahidi wa mtu mmoja katika mambo ya chakula: mwenyeji mwaminifu akikuambia kwamba chakula chake ni safi, unaruhusiwa kumwamini na kula. Tatizo ni la jumuiya. Sinagogi ina watu mia kadhaa wanaoshika sheria kwa viwango tofauti, na rabi hawezi kukagua jiko la kila nyumba, wala kumkubalia huyu na kumkatalia yule bila kumvunjia mtu heshima mbele ya wenzake. Sharti moja kwa wote, rabi mwenyewe akiwemo, linawaepusha watu wasipimane uchaji. Na linampa kila mgeni, awe mkali kiasi gani katika ushikaji wake, nafasi ya kuchukua sahani na kula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa zaidi linalolindwa na jiko lile.

Namna kazi inavyokwenda inafuata hapo. Familia huandika maombi mapema, na hutakiwa kuchagua mara moja: shughuli itakuwa ya nyama au ya maziwa. Familia nyingi zinazojipikia huchagua maziwa, yaani samaki, saladi, mayai, jibini na keki, kwa kuwa nyama ya kosheri ni ghali na uangalizi wake ni mgumu zaidi. Orodha ya vyakula hupelekwa kwa msimamizi wa kosheri, aitwaye mashgiahi, ambaye huangalia hata chapa ya kila bidhaa itakayonunuliwa. Bidhaa za viwandani lazima ziwe na alama ya shirika linalotambuliwa; alama inayojulikana kuliko zote ni herufi U ndani ya duara, inayotolewa na Orthodox Union, shirika la Wayahudi wa Kiothodoksi wa Marekani, tangu miaka ya 1920. Kila kitu huletwa kikiwa kimefungwa kama kilivyotoka dukani, kwa sababu chupa ya mafuta iliyokwisha kufunguliwa haina tena shahidi. Nyama na mvinyo hudaiwa zaidi: vikisafirishwa bila kusimamiwa, sheria hutaka viwe na mihuri miwili.

Ndani ya jiko, mwongozo ni rangi. Katika majiko mengi nyekundu ni ya nyama na buluu ni ya maziwa, na mara nyingi kijani ni ya pareve; rangi hizo zimebandikwa kwenye droo, mipini ya visu, mbao za kukatia na hata bomba la sinki. Sinki ni mbili, oveni ni mbili, na masufuria hayakopeshani. Ikiwa shughuli ni ya maziwa, makabati ya nyama hufungwa kwa kufuli tangu asubuhi. Mashgiahi ndiye anayewasha moto wa jiko, kwa sababu sheria inataka Myahudi ashiriki katika upishi. Kwa Waashkenazi, ambao asili yao ni Ulaya ya kati na mashariki, kuwasha moto kunatosha. Kwa Wasefardi, wenye asili ya Hispania na nchi za Mediterania, inatakiwa Myahudi akiweke chakula chenyewe motoni.

Kazi inayochukua muda mrefu kuliko watu wanavyotarajia ni ya majani. Mdudu aonekanaye kwa macho ni haramu, na kumla ni kuvunja makatazo kadhaa kwa mpigo, hivyo letusi hutenganishwa jani kwa jani, hulowekwa katika maji yaliyotiwa sabuni kidogo ya vyombo, husuuzwa kwa nguvu, kisha kila jani huinuliwa mbele ya taa na kuangaliwa pande zote mbili. Brokoli na koliflawa ni vigumu zaidi, kwa kuwa wadudu hujificha ndani ya vichwa vyake, na sinagogi nyingine huzikataa zikiwa mbichi kabisa. Mayai huvunjwa moja moja katika glasi, ili lenye tone la damu litupwe kabla halijachanganyika na mengine. Aliyekanda unga wa mkate unaozidi kilo moja na robo hivi humega donge dogo na kuliteketeza, kwa kukumbuka sehemu iliyokuwa ya makuhani. Minofu ya samaki hununuliwa ikiwa na kipande cha ngozi chenye magamba, ili ijulikane ni samaki gani. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atafurahi kujua kwamba sangara wa Ziwa Victoria ana mapezi na magamba yanayokubalika, na minofu yake imekuwa ikiuzwa sana nchini Israeli.

Tui la nazi nalo lina nafasi ya heshima katika jiko hili. Kwa kuwa si maziwa ya mnyama, ni pareve, na kwa hiyo wali wa nazi au kuku wa kupaka anaruhusiwa kabisa katika karamu ya nyama, mradi tui la kopo liwe na alama ya kosheri isiyoonyesha maziwa. Ila mgeni akiona weupe ule juu ya kuku anaweza kudhani ni krimu. Katika karne ya 16, Rabi Moses Isserles wa Krakow, Poland, alipozungumzia nyama ya mnyama, kama ng'ombe, iliyotiwa katika maziwa ya lozi, alielekeza kwamba lozi ziwekwe kando ya chakula ili walaji wasipate shaka. Leo mashgiahi atakuambia uweke kibandiko kando ya bakuli, kwa sababu ileile.

Mambo hubana zaidi shughuli inapokuwa ya Sabato, na nyingi huwa hivyo, kwani watu hula pamoja baada ya sala ya Jumamosi asubuhi. Kupika na kuwasha moto ni miongoni mwa kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo, kwa hiyo kila kitu huiva kabla ya jua kuzama Ijumaa. Maji ya chai hukaa katika birika la umeme lililochemka tangu Ijumaa, na chakula cha moto hukaa juu ya bamba la umeme ambalo hakuna anayeligusa swichi yake. Makopo na vifurushi hufunguliwa mapema. Vyombo vichafu hukusanywa na kuachwa hadi nyota zionekane Jumamosi usiku, kwa sababu kuviosha kwa ajili ya siku inayofuata ni kuitumikisha Sabato.

Ukali huu haulingani kila mahali. Wayahudi wa Marekani wana matawi kadhaa: sinagogi za Kiothodoksi, zinazoshika sheria kwa ukali zaidi, na za Kikonsavativu hudai jiko la kosheri, ingawa za Kikonsavativu hulegeza baadhi ya mambo, kama aina za jibini. Tawi la tatu, harakati ya Mageuzi, katika tamko lake la Pittsburgh la mwaka 1885, iliziweka kando sheria za vyakula, na hadi leo jiko la sinagogi ya Mageuzi linaweza kuwa la kosheri au lisiwe. Miaka miwili kabla ya tamko hilo, Julai 1883, mjini Cincinnati, karamu ya kuwapongeza wahitimu wa kwanza wa Hebrew Union College, chuo cha marabi cha harakati hiyo, iliandaliwa chaza, kaa, kamba na miguu ya vyura, na baada ya nyama ikaja aiskrimu. Baadhi ya waalikwa waliinuka na kuondoka, na karamu hiyo ikabaki kuwa alama ya mpasuko kati ya Wayahudi wa Marekani.

Na ikitokea ajali, tuseme kijiko cha maziwa kimedondokea sufuria ya mchuzi wa nyama? Mpishi haruhusiwi kukitoa kimya kimya na kuendelea. Humwita mashgiahi, naye humpigia rabi, ambaye atauliza maswali yaleyale yaliyoulizwa kwa karne nyingi: mchuzi ulikuwa wa moto? Kijiko kilitumika na kitu cha moto ndani ya saa 24 zilizopita? Mchuzi ni mwingi kiasi gani? Ukiwa ni mara 60 ya kile kilichoingia, ladha imepotea na mchuzi unaliwa. Usipofikia kiasi hicho, humwagwa, na sufuria huanza kuhesabiwa saa zake 24 kabla ya kuzamishwa katika maji yanayotokota.