Je, wajua kwa nini mechi za mwisho za ligi huanza kwa wakati mmoja?

Siku ya mwisho ya Ligi Kuu, ukiingia kibanda umiza chochote Kigoma mjini utakuta ugomvi umeanza kabla ya mpira. Runinga ni moja, zikizidi mbili, na mechi ni nane, zote saa 10 jioni. Mwenye kibanda akiweka ya Simba, wa Azam wananuna. Akiweka ya Mashujaa, timu ya nyumbani, kuna watakaodai warudishiwe kiingilio. Mwisho wake kila mwenye simu anageuka mtangazaji wa uwanja wa pili.

Mei 28, 2024 ilikuwa hivyo hivyo. Azam na Simba waliingia raundi ya 30 wakigombea nafasi ya pili, ile ya kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Azam wakaifunga Geita Gold 2-0, Simba wakaifunga JKT Tanzania 2-0, wote wakamaliza na pointi 69. Azam wakapita kwa tofauti ya mabao, Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Sasa kwa nini moja isingepigwa saa 8 na nyingine saa 10, tukaziona zote?

Kijiweni kuna majibu mawili, na yote yana kasoro.

La kwanza ni kwamba wenye runinga ndio wanaotaka hivyo, kwa sababu ya utamu. Lakini mwenye haki za matangazo anauza saa. Mechi nane zikichezwa kwa zamu zinamjazia siku tatu; zikichezwa pamoja anapata saa mbili tu, na mtazamaji mmoja hawezi kutazama mbili kwa makini. Ndiyo maana msimu mzima raundi moja hutawanywa, leo moja, kesho mbili. England nako ni vile vile: mwaka mzima mechi zinasambazwa, halafu siku ya mwisho zote kumi zinaanza pamoja, kwetu ikiwa saa 12 jioni. Kanuni hii inamnyima mwenye runinga saa za kuuza. Kelele za siku ile nazo zinauzika, hilo halina ubishi, ila zimekuja kama nyongeza.

Jibu la pili lina wafuasi wengi zaidi: eti ni kuficha matokeo, timu isijue mwenzake anafanya nini. Hili linasikika la busara mpaka utazame jukwaa la uwanja wowote siku hiyo. Bao likifungwa Dar es Salaam, mashabiki wa Lake Tanganyika, uwanja wa Kigoma, wanapiga kelele kabla mfungaji hajamaliza kushangilia, na benchi linajua. Hata kabla ya simu za mkononi redio zilikuwepo. Mei 13, 2012 Manchester United walimaliza mechi yao Sunderland wakiwa wameshinda 1-0, wakasimama uwanjani wakisubiri habari za Manchester City. City walikuwa wamesawazisha dhidi ya QPR katika dakika za nyongeza, kisha Agüero akafunga la tatu. Timu zote mbili zilikuwa na pointi 89, na ubingwa ukaenda City kwa tofauti ya mabao. Hapo hakuna kilichofichwa kwa yeyote.

Basi muda mmoja unazuia nini? Unazuia mtu kuingia uwanjani akiwa na hesabu iliyokwisha kufungwa.

Somo lilitoka Gijón, Hispania, kwenye Kombe la Dunia la 1982. Algeria walikuwa wameifunga Ujerumani Magharibi 2-1, wakamaliza mechi zao za kundi Juni 24 kwa kuifunga Chile 3-2. Siku iliyofuata Ujerumani Magharibi na Austria waliingia wakijua kila kitu: Wajerumani wakishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita na Algeria inatoka. Hrubesch wa Ujerumani akafunga mapema kipindi cha kwanza, na muda uliobaki ukawa wa kupasiana. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa hiyo matokeo hayakufutwa. Kuanzia 1986, mechi za mwisho za kila kundi la Kombe la Dunia zikawa zinaanza pamoja, na ligi nyingi zina utaratibu wa aina hiyo.

Chukulia mnada wa ng'ombe, mfano wa ile ya mkoani Tabora. Mshindani wako akitaja bei yake ya mwisho, akapanda pikipiki akaondoka, kazi yako ni nyepesi: unaongeza elfu moja na ng'ombe ni wako. Hutoi jasho na wala huhitaji kujua thamani halisi ya mnyama. Lakini akiwa bado amesimama pembeni yako, unasikia kila bei anayotaja na bado huwezi kutulia, maana bei aliyotaja sasa hivi siyo anayoishia nayo. Unalazimika kutoa kile ulicho nacho. Ratiba ya muda mmoja haimzibi mtu masikio. Inamzuia mshindani asiondoke mnadani kabla yako. Austria na Wajerumani waliingia mnadani Algeria akiwa ameshaondoka.

Mfano huo huo unaonyesha pia mahali ambapo dawa hii haifanyi kazi, kwa sababu haisaidii kitu kama mwenye ng'ombe ni shemeji yako.

Watu wa huku magharibi wanalijua hilo vizuri kuliko wangependa. Mwaka 2016, kundi C la Ligi Daraja la Kwanza lilifungwa kwa mechi mbili ambazo zinatajwa hadi leo. Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa ya Kigoma 8-0, na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro ya Arusha 7-0. Geita na Polisi Tabora walikuwa wakigombea tiketi ya Ligi Kuu, na mabao yalikuwa na uzito. TFF, shirikisho la soka nchini, ilichunguza, ikaona kuna upangaji wa matokeo, timu zote nne zikashushwa daraja. Tiketi ikawaangukia Mbao FC ya Mwanza, waliokuwa wameshika nafasi ya nne katika kundi hilo.

Nigeria walifika mbali zaidi. Julai 2013 Plateau United Feeders na Police Machine walikuwa wakifukuzana kwa tofauti ya mabao. Wakati wa mapumziko mmoja alikuwa anaongoza 7-0 na mwingine 6-0, ambayo tayari ni mengi. Mechi zikaisha 79-0 na 67-0. Toa uone: mabao 72 ndani ya kipindi kimoja, na kwingine 61. Sierra Leone nao mwaka 2022 wakatoa 95-0 na 91-1, matokeo ambayo shirikisho lao liliyafuta. Hapa kwenda sambamba hakukupoza chochote. Kila mmoja alikuwa anasikia mwenzake amepandisha bei, naye anapandisha, na wauzaji hawana kinyongo.

Ukiacha hayo, kupanga siku yenyewe kuna vitu vidogo vinavyochekesha. Viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, lazima viliwe kwanza, la sivyo kuna timu itakayobaki na mechi wakati wenzake wamemaliza. Yanga na Simba hawakucheza Machi 8, 2025. Mechi ikasogezwa hadi Juni 15, kisha Juni 25, siku tatu baada ya timu nyingine kufunga msimu. Kwa maoni yangu hicho kiporo hakikuharibu mnada, kwa kuwa washindani wawili wa ubingwa walikuwa uwanja mmoja: Yanga na pointi 79, Simba 78. Yanga walihitaji sare tu, wakashinda 2-0.

Saa nayo ina vituko vyake. Si kila uwanja wa mkoani una taa, hivyo muda wa pamoja unabidi uwe wa mchana. Saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita baharini mashariki mwa pwani yetu, wakati Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo saa 10 jioni jua la Kigoma bado liko juu kama la saa 9, na litazama karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Filimbi inapulizwa dakika ile ile, ila kipa wa Lake Tanganyika na kipa wa Dar hawapigani na jua lile lile.

Wala hakuna mechi mbili zinazokwisha pamoja. Mei 19, 2001 Schalke waliifunga Unterhaching 5-3, wakasikia Bayern wanafungwa Hamburg, wakaanza kusherehekea ubingwa wa Ujerumani. Mechi ya Hamburg ilikuwa bado inaendelea. Patrik Andersson akasawazisha dakika za nyongeza, na kombe likaenda Bayern. Schalke walikuwa mabingwa kwa dakika kama nne.

Hispania na Italia hawalazimishi mechi zote. Zinazoanza pamoja ni zile zenye kitu cha kugombewa, nyingine zinaweza kuchezwa siku tofauti.

Tundu ambalo halijazibwa liko kwenye mashindano yanayopitisha pia baadhi ya timu zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi, zile zenye matokeo bora. AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya timu 24 hupitisha nne kati ya sita, na kundi la mwisho kucheza huingia likijua pointi ngapi zinatosha, kama Austria ile ya 1982. Kombe la Dunia la timu 48 linapitisha nane kati ya 12. Ili makundi yote 12 yamalizike sambamba zingehitajika mechi 24 kwa wakati mmoja, na viwanja vilivyopangwa kwa mashindano ya 2026 ni 16.