Kiwewe cha wahudumu wa afya huja wimbi likishapita

Wahudumu wengi wa afya niliowaona ofisini kwangu kwa sababu ya korona hawakuja wimbi likiwa limepamba moto. Walikuja baadaye, wodi zilipopungua wagonjwa na likizo zikaruhusiwa tena. Swali lao lilikuwa lilelile: mbona sasa, wakati mambo yametulia?

Kitaalamu si ajabu. Mtu aliye hatarini huku ana kazi ya kufanya huendeshwa na kazi hiyo. Mwili unamwaga homoni za dharura, hofu inawekwa kando, wenzake wako naye bega kwa bega. Hatari ikiisha, vyote hivyo vinaondoka kwa pamoja, na yaliyowekwa kando yanaanza kudai haki yake. Muuguzi mmoja wa wagonjwa mahututi alishindwa hata kupasha chakula, kwa sababu mlio wa maikrowevu ulifanana na kengele ya mashine ya oksijeni. Alikuwa anajikuta ameshasimama, mikono inatafuta glavu, kabla hajakumbuka kwamba yuko jikoni kwake.

Kiwewe huonekana hivyo: tukio linarudi bila kuitwa, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha, usingizi unakatika, furaha inakauka, mwili unakaa chonjo muda wote. Katika siku za mwanzo dalili hizi ni za kawaida na kwa wengi hupungua zenyewe. Zikizidi mwezi mmoja na kuvuruga kazi au familia, basi ni wakati wa kupimwa na mtaalamu, maana tiba ipo na inafanya kazi.

Lakini nilichokisikia zaidi kuliko hofu ni hatia iliyochanganyika na hasira. Hapa tunaingia kwenye jeraha la kimaadili. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu askari waliopigana Vietnam, aliandika katika miaka ya 1990 kuhusu askari waliosalitiwa na wakubwa wao katika mambo ya uhai na kifo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Brett Litz na wenzake walipanua wazo hilo: mtu huumia pia kwa kutenda, kushindwa kuzuia, au kushuhudia jambo linalokwenda kinyume na imani yake kuhusu lililo sawa. Sasa mfikirie daktari mwenye mashine moja ya kupumulia na wagonjwa wawili. Au muuguzi anayeshika simu ya video ili binti amuage mama yake, naye muuguzi ndani ya miwani iliyojaa ukungu hawezi hata kufuta machozi yake mwenyewe.

Ukimwambia mtu huyu "ulifanya ulichoweza", hujamfariji. Hilo analijua. Kinachomkereketa ni kwamba alichoweza kilikuwa kidogo kwa sababu kuna mtu hakuagiza barakoa, au aliambiwa mapema na hakusikiliza. Kuwaita mashujaa kuliwafunga mdomo, kwani shujaa hatarajiwi kulalamika. Na gharama haikuwa ya moyo peke yake: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021, wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 huenda walikufa kwa UVIKO-19.

Tuje kwenye ustahimilivu. Nina ugomvi na semina zake. Watu wanatolewa zamu ya usiku, wanaketishwa ukumbini, wanafundishwa kuvuta pumzi, kisha wanarudishwa kwenye wodi ileile yenye upungufu uleule wa watu. Kuvuta pumzi ni kuzuri, nami nafundisha. Ila tusijifanye kwamba hawa walikosa moyo. Mwanasaikolojia George Bonanno alionyesha mwaka 2004 kwamba wengi wanaopatwa na msiba au tukio la kutisha huendelea na maisha bila kuporomoka. Swali langu ni mazingira gani yanawasaidia wabaki hivyo.

Jiji la Toronto, Kanada, lilitupa jibu mapema. Baada ya mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na kirusi cha jamii ya korona, watafiti waliwafuatilia wahudumu kati ya miezi 13 na 26 baadaye. Wa hospitali zilizotibu SARS walikuwa na uchovu wa kazi na msongo zaidi kuliko wenzao wa jiji jirani la Hamilton, ambako hospitali hazikupokea wagonjwa hao. Walioona kwamba walipewa mafunzo, ulinzi na msaada wa kutosha walikuwa na nafuu. Yote matatu huamuliwa na uongozi.

Jambo moja tuliache kabisa: kumkalisha mtu mara tu baada ya tukio na kumlazimisha asimulie kila kitu katika kikao kimoja. Utafiti haujaonyesha kwamba kunazuia kiwewe, na baadhi ya watu kunawaumiza. Ningependa zaidi msimamizi wa wodi anayejua nani hajalala, anayebadilisha ratiba ya zamu bila kungoja kuombwa, na anayemvuta mtu pembeni kumuuliza kwa upole. Tena amuulize miezi kadhaa baada ya wimbi, kila mtu akiwa ameshasahau.

Hata hivyo, wengi hawatajibu ukweli wakihofia leseni. Lorna Breen, daktari wa dharura huko New York, alijiua Aprili 2020. Familia yake imesema aliogopa kwamba kutafuta msaada kungemharibia kazi. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake kwa ajili ya afya ya akili ya wahudumu. Kwa mabaraza yanayotoa leseni popote, ombi langu ni dogo na halina gharama. Fomu isiulize kama mwombaji amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Iulize kama leo ana tatizo lolote la kiafya, la mwili au la akili, ambalo halijadhibitiwa na linamzuia kufanya kazi kwa usalama.