Mlima Waddington: Kilele kilichofichwa na mabonde yake

Kila mwaka ninapofundisha somo la milima ya pwani huanza na ramani moja ya Kanada na swali moja. Hapa pana mlima wa mita 4,019, mrefu kuliko mwingine wowote uliomo wote ndani ya jimbo la British Columbia, na kutoka jiji la Vancouver ni kilomita 300 hivi tu. Ilikuwaje mwaka 1925 ukafika mlima huo ukiwa bado hauna jina kwenye ramani? Wanafunzi hutaja urefu, hutaja baridi, hutaja ukungu. Yote yamo. Lakini mimi huwaomba wakiache kilele, wateremshe macho hadi mabondeni, kwa sababu historia ya Mlima Waddington iliandikwa huko chini zaidi kuliko juu.

Niliingia kwenye mlima huu kama mtafiti wa barafuto, yaani ile mito ya barafu inayotambaa kutoka milimani. Baadaye nikawa msomaji wa habari za watu waliojaribu kuufikia, na hapo ndipo uliponinasa. Kwa milima mingi, safari ya kufika chini yake ni utangulizi mfupi. Kwa Waddington, kufika ndiko kulikokula miaka.

Safu ya Waddington ni fundo la vilele lililokaa katikati ya Milima ya Pwani. Magharibi yake Mto Klinaklini unateremka hadi hori la Knight, na mashariki Mto Homathko unateremka hadi hori la Bute. Nasema hori, lakini msomaji asifikirie mkono wa bahari uliotulia kati ya mikoko. Haya ni mabonde yaliyochimbwa na barafu nene enzi za barafu, kisha bahari ikaingia ikayajaza. Hori la Knight lina urefu wa kilomita zipatazo 125, la Bute kama 80, na kuta zake zinazama wima kwenye maji yenye kina cha mamia ya mita. Mahali pengi hakuna hata ufuo wa kuvutia mtumbwi. Mito yote miwili inaanzia upande wa pili wa milima, kwenye uwanda wa juu wa Chilcotin, nchi kavu ya misonobari na nyasi, kisha inaikata safu nzima mpaka baharini. Ni jambo linalonistaajabisha hadi leo: mlima umesimama mita elfu nne, na pembeni yake mto unapita karibu na usawa wa bahari.

Ukipima kwa rula kwenye ramani, kutoka mwisho wa hori la Knight hadi kileleni ni kama kilomita 40. Urefu wa mita 4,019 hauwezi kumtisha mtu anayejua mita 5,895 za Kibo. Tofauti ni kwamba hapa unaanza kwenye sifuri, majini, na mbele yako kuna msitu. Mierezi mikubwa imeanguka ikilaliana. Vichaka vya mialda vimeinamia bondeni kwa sababu theluji huvilaza kila mwaka, hivyo anayepanda anakwenda kinyume na kila tawi. Kati yake kuna mmea wenye majani mapana kama sinia, umejaa miiba shinani na hadi chini ya majani. Kuna mbu, kuna dubu. Kuna vijito vinavyotoka kwenye barafuto, ambavyo asubuhi huvukika na jioni havivukiki, kwa kuwa jua la mchana limeyeyusha theluji juu. Mtu aliyebeba mzigo wa wiki kadhaa mgongoni anaweza kuhangaika humo siku nzima asiende popote pa maana. Na bado hajaigusa barafu.

Mwamba mwingi wa Milima ya Pwani ni itale na jamaa zake, mawe yaliyopoa polepole chini ya ardhi wakati bamba la bahari, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, lilipokuwa likizama chini ya bara. Ukuta huo ndio wa kwanza kupokea pepo za Pasifiki zilizojaa maji. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga theluji kwa mita juu ya mita. Ndiyo maana safu hii ina barafuto kubwa zilizoshuka chini sana: Franklin upande wa kusini-magharibi, Tiedemann mashariki, Scimitar kaskazini. Jirani yake, barafuto ya Klinaklini ni miongoni mwa kubwa kabisa magharibi mwa Amerika Kaskazini ukiiacha Alaska. Mnara wa kilele chenyewe hupigwa na mawingu yenye unyevu mpaka ukavaa sakitu nene inayoota kama manyoya kuelekea upepo unakotoka. Mpandaji anaukuta mwamba, lakini mwamba umevaa koti, na koti hilo likipata jua huanza kuanguka vipandevipande.

Watu walikuwepo kabla ya ramani. Upande wa bahari kuna watu wa Homalco kwenye hori la Bute, upande wa uwanda wa juu kuna Tsilhqot'in, na bonde la Homathko lilikuwa njia kati ya pande hizo mbili. Mwaka 1862, dhahabu ilipokuwa ikiwavuta watu kwenda Cariboo, mfanyabiashara Alfred Waddington aliamua kupitisha barabara humo humo, kutoka kichwani mwa hori la Bute. Alikwenda na mpimaji Hermann Otto Tiedemann, ambaye jina lake sasa liko kwenye barafuto na kilele kimojawapo cha safu. Mwaka huo huo ndui ilikuwa ikiwateketeza wenyeji wa eneo lote.

Napenda tusimame hapa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya upandaji milima hupita mahali hapa mbio. Barabara ililetwa kwenye ardhi ya Tsilhqot'in bila ridhaa yao. Waliofanya kazi ya upagazi walilipwa duni na kushinda na njaa, na walitishwa kwamba ndui ingerudishwa. Mwezi Aprili 1864 wapiganaji wao walishambulia kambi za barabara bondeni na kuwaua wafanyakazi 14, na vita vikaenea hadi uwanda wa juu. Viongozi waliokuja kambini wakiamini wameitwa kwa mazungumzo ya amani walikamatwa. Watano, akiwemo Klatsassin, kiongozi wao wa vita, walinyongwa tarehe 26 Oktoba 1864. Wa sita alinyongwa mwaka uliofuata. Mwezi Machi 2018 waziri mkuu wa Kanada alisimama bungeni akatamka kwamba watu hao sita hawakuwa na hatia yoyote. Barabara haikumalizika kamwe. Waddington mwenyewe alikufa Ottawa mwaka 1872, kwa ndui. Jina lake ndilo lililopewa mlima mwaka 1928. Mimi nalitumia kwa sababu ndilo lililo kwenye ramani, lakini siwezi kulifundisha bila kusimulia bonde lilivyokuwa.

Sasa tuje kwa Don na Phyllis Munday, mume na mke wapanda milima wa Vancouver. Don alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza na jeraha la mkono. Mwaka 1924 Phyllis alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kufika kilele cha Mlima Robson. Mwaka 1925, wakiwa juu ya Mlima Arrowsmith kwenye Kisiwa cha Vancouver, waliona ng'ambo ya maji, mbali sana, ncha moja iliyozidi nyingine zote. Wakauita Mlima wa Fumbo. Tangu hapo maisha yao yaligeukia huko.

Mwaka 1926 waliingia kupitia hori la Bute na bonde la Homathko. Walikaribia, wakaishiwa na muda na chakula. Mwaka 1927 walibadili mlango: wakaenda kwa hori la Knight katika boti yao ndogo waliyoiita Edidonphyl, jina lililounganisha la binti yao Edith na ya kwao wawili. Kutoka baharini walipanda kwenye barafuto ya Franklin, na hapo walikuwa wamepata njia. Si njia rahisi. Mizigo ilibebwa kwa awamu: unabeba, unaweka, unarudi kubeba mwingine, kwa hiyo kila kilomita ya mbele huwa kilomita tatu za miguu. Dhoruba ya radi iliwakuta juu wakageuka. Mwaka 1928 wakarudi, pamoja na Bert, nduguye Don, na safari hii wakafika kilele cha kaskazini-magharibi.

Mbele yao palisimama mnara mkuu, umezidi kilele walichosimama kwa mita chache tu, lakini ukiwa umetengwa nacho na pengo na umefunikwa sakitu. Wakautazama, wakashuka. Nimesoma wengi wanaoliita hilo jaribio lililoshindwa, nami sikubaliani nao hata kidogo. Waliivumbua njia, waliichora ramani ya barafuto, waliirudia safu ile msimu baada ya msimu, wakapanda vilele vyake vingine. Mwaka 1930 walipanda kilele cha jirani ambacho leo kinaitwa Mlima Munday. Wote waliokuja baadaye kutoka baharini walipita kwenye nyayo zao.

Waliokuja walikuwa wengi. Mwaka 1934 kundi kutoka Winnipeg, wakiwemo ndugu wawili Ferris na Roger Neave, lilipita upande wa uwanda wa juu na barafuto ya Tiedemann, likakaribia mno mnara kabla ya hali ya hewa kulirudisha. Kiangazi hicho hicho Alec Dalgleish wa Vancouver alianguka akafa kwenye kuta za kusini. Mwaka 1935 walikuja Wakalifornia wa Sierra Club, chama cha wapenda milima, nao wakarudishwa.

Aliyeufungua mnara ni Fritz Wiessner, mzaliwa wa Dresden aliyehamia Marekani mwaka 1929. Alikuwa amezoea kupanda miamba mitupu kwa vidole na ncha za miguu, ustadi ambao wapandaji wengi wa theluji wa pwani hawakuwa nao. Alikuja mwaka 1936 na Bill House, Betty Woolsey na Alan Willcox. Siku ya kwanza Wiessner na House walijaribu mfereji wa barafu, wakaona haupitiki. Kesho yake, tarehe 21 Julai, walishika uso wa kusini wenyewe. Walipanda siku nzima, mwamba ukiwa umelowa na vipande vya barafu vikianguka kutoka juu, hadi wakafika kwenye kilele chembamba ambacho hakuna mtu anayejulikana kuwa aliwahi kukikanyaga.

Simulizi ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya waliofika pili. Mwaka 1942 Fred Beckey, akiwa na miaka 19, na mdogo wake Helmy waliingia kwa hori la Knight na barafuto ya Franklin. Mwenzao wa tatu aliugua akarudi. Vijana hao wawili wakaendelea peke yao, bila mtu yeyote wa kuwafuata iwapo wangepatwa na jambo, wakaupanda uso wa kusini. Kwenye mwamba uliolowa walivisha viatu vyao vya raba vifuniko vya sufu iliyoshindiliwa ili visiteleze. Fred aliendelea kupanda milima mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2017 akiwa na miaka 94.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa kwa kifupi. Mwaka 1950 kundi la Sierra Club lilipata njia ya barafuto ya Bravo, upande wa Tiedemann, ambayo leo ndiyo inayotumiwa zaidi. Mwaka 1985 Peter Croft, Greg Foweraker na Don Serl waliiunga safu nzima, kilele baada ya kilele, kwa safari moja ya takriban wiki. Kwangu hiyo ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizofanywa kwenye milima ya Kanada.

Kati ya hizo nyakati mbili ilikuja helikopta. Mimi pia nilifika hivyo mara ya kwanza, kutoka upande wa uwanda wa juu, na nakiri kwamba zile dakika chache za angani zilinipa kiu. Nilishuka kwenye barafuto ya Tiedemann nguo zikiwa kavu, nikazungukwa na kuta nilizozisoma kwa miaka, na nikahisi kuna kitu nimekiruka. Kesho yake ukungu ulishuka. Siku tatu tulikaa hemani tukisikiliza mawe yakiporomoka mahali tusipopaona.

Mawe hayo ni sehemu ya kazi yangu sasa. Barafuto za safu hii zinarudi nyuma na kukonda. Mahali ambapo wapandaji wa zamani walitoka msituni wakakanyaga barafu moja kwa moja, siku hizi pana kuta za vifusi vilivyolegea ambavyo ni hatari kuvipanda na ni hatari kuvishuka. Barafu iliyokuwa ikiegemeza kuta za mabonde ikiondoka, kuta hubaki bila tegemeo. Tarehe 28 Novemba 2020 mlima uliporomoka juu ya kijito cha Elliot, karibu na hori la Bute. Mita za ujazo milioni 18 za mwamba zilishuka na kutumbukia kwenye ziwa lililoachwa na barafuto. Wimbi lililoinuka lilipita mita 100, likaruka nje ya ziwa, likakifumua kijito chote hadi Mto Southgate. Hapakuwa na mtu njiani. Makazi ya samoni kwenye kijito hicho yalifagiliwa hadi mwamba mtupu, na tope likaingia kichwani mwa hori la Bute, pale pale ambapo barabara ya Waddington ilipangwa kuanzia, likasambaa majini kwa makumi ya kilomita.