Bunge kumshtaki rais: Clinton alishtakiwa, na akabaki Ikulu

Uliza barazani kama Bill Clinton aliwahi kushtakiwa na Bunge la Marekani, na hakosi mtu wa kukujibu: hapana bwana, si alimaliza mihula yake yote miwili? Alimaliza, kweli. Na alishtakiwa pia.

Utata unaanzia kwenye maneno yenyewe. Vyombo vya habari vya Kenya vimezoea kusema "kubandua" au "kung'atua", na ukisikia mtu kabanduliwa unajua kiti kiko wazi. Lakini Rigathi Gachagua alipopigiwa kura na wabunge tarehe 8 Oktoba 2024, siku ya pili yake aliamka akiwa bado naibu wa rais. Ilibidi kusubiri Seneti, siku tisa baadaye. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 46A, inasema "kumshtaki Rais", na kwa mambo ya Marekani neno hilo ndilo linalokaa sawasawa. Kushtaki ni hatua moja, kuhukumu ni nyingine, na kila hatua ina chumba chake.

Chumba cha kwanza ni Baraza la Wawakilishi, wajumbe 435. Wakizidi nusu ya waliopiga kura, rais ameshtakiwa, basi, na jambo hilo linabaki kwenye historia yake hata akishinda kesi. Cha pili ni Seneti yenye watu 100, ambao hugeuka kuwa mahakama. Hapo ili rais atolewe zinahitajika theluthi mbili ya waliohudhuria. Wakiwa wametimia wote, ni kura 67. Jaji Mkuu ndiye anayekaa kitini, kwa sababu kiti hicho kwa kawaida ni cha makamu wa rais, na makamu ndiye wa kwanza kufaidika bosi wake akiondolewa.

Makosa yenyewe? Katiba yao inataja uhaini, rushwa, na "makosa makubwa mengine" ambayo haikuyafafanua. Gerald Ford, alipokuwa bado mbunge mwaka 1970, alisema bila kuzunguka kwamba kosa la kumshtakia mtu ni lile ambalo wengi bungeni wameamua ni kosa. Alikuwa anasema ukweli mchungu, na Clinton ndiye aliyeuonja baadaye.

Januari 1998 Clinton alikuwa akihojiwa chini ya kiapo katika kesi ya Paula Jones, mwanamke aliyewahi kufanya kazi serikalini Arkansas na aliyemdai fidia kwa unyanyasaji wa kijinsia. Akaulizwa kuhusu Monica Lewinsky, binti aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi Ikulu. Akakana. Mwendesha mashtaka Kenneth Starr, ambaye awali alipewa kazi ya kuchunguza biashara ya ardhi huko Arkansas, akalidaka hilo. Tarehe 17 Agosti Clinton akahojiwa tena, na jioni akakiri kwenye televisheni kwamba uhusiano ulikuwepo. Katika mahojiano hayo alibanwa kuhusu kauli ya wakili wake kwamba hakuna lolote la kimapenzi kati yao. Akajibu kwamba inategemea wakati wa kitenzi: kwa siku ile ilipotamkwa, kauli ilikuwa kweli, kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa Kiswahili ungekuwa ugomvi wa "hakuna" na "hakukuwa".

Sisi huku Agosti hiyo tunaikumbuka kwa jambo jingine. Tarehe 7 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, watu 213 wakafa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Tarehe 20, siku tatu tu baada ya lile ungamo, Clinton alirusha makombora Afghanistan na Sudan, ambako kiwanda cha dawa cha Al-Shifa kilibomolewa kwa madai ya silaha za kemikali ambayo hadi leo yanabishaniwa. Wako waliosema anatafuta pa kujificha. Hilo halikuingia kwenye mashtaka. Wala Rwanda haikuingia, ingawa Machi mwaka huohuo Clinton alikuwa amesimama uwanja wa ndege wa Kigali akikubali kwamba dunia haikuchukua hatua upesi mwaka 1994. Kwa mizani yangu hayo ni mazito kuliko ya Lewinsky. Ila kisheria, uongo chini ya kiapo ni rahisi kuuandikia shtaka.

Tarehe 19 Desemba Wawakilishi walipitisha mashtaka mawili: kusema uongo chini ya kiapo, kwa kura 228 dhidi ya 206, na kuzuia haki isitendeke, kwa 221 dhidi ya 212. Siku hizohizo kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 73 ya Wamarekani wanaridhika na kazi yake. Wananchi walikuwa na ajira, na serikali ilikuwa imefunga mwaka wa fedha ikiwa na ziada ya takriban dola bilioni 69, ziada ya kwanza tangu 1969. Seneta gani atathubutu?

Tarehe 19 Januari 1999 mchana, mawakili wake walianza utetezi mbele ya Jaji Mkuu William Rehnquist, aliyevaa joho lenye mistari minne ya dhahabu kwenye kila mkono, urembo alioubuni mwenyewe. Usiku Clinton akaingia ukumbi wa Wawakilishi, mbele ya walewale waliomshtaki, akahutubia juu ya hali ya taifa. Akasifia uchumi. Kesi hakuigusa.

Februari 12 kura zikahesabiwa. Uongo: 45 walisema ana hatia, 55 hana. Kuzuia haki: 50 kwa 50. Warepublican, chama pinzani kwa Clinton, walikuwa na viti 55, kwa hiyo hata baadhi ya wa kwao walikataa kumtia hatiani. Akabaki, na Mei 2000 akasaini sheria ya AGOA iliyofungulia nguo za viwanda vya Afrika soko la Marekani bila ushuru. Agosti mwaka huo alikuwa Arusha, pamoja na Mandela, kwenye utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi.

Adhabu ilitoka mlango mwingine. Tarehe 19 Januari 2001, siku moja kabla ya kukabidhi ofisi, alikubali kwamba baadhi ya majibu yake kuhusu Lewinsky yalikuwa ya uongo. Leseni yake ya uwakili huko Arkansas ilisimamishwa miaka 5, akalipa na faini ya dola 25,000.