Shokapu Mpya kwenye Land Cruiser: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayesafirisha watalii kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kupitia njia panda ya Olduvai hadi lango la Naabi, hahitaji kuelezwa maana ya gari gumu. Barabara ile ya changarawe hujikunja kama bati, na abiria wa viti vya nyuma hushuka wameshika viuno. Malalamiko yanapozidi, ushauri wa kwanza anaoupata gereji ni kununua shokapu mpya. Kuna wakati ushauri huo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, fedha hutumika, gari hubaki lilivyokuwa, na lawama humwangukia muuza vipuri, ilhali kosa lilianza mapema zaidi, pale ambapo hakuna aliyejiuliza shokapu inafanya kazi gani.

"Shokapu ndiyo inayobeba gari"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Uzito wa gari hubebwa na springi, ziwe za koili au za mabamba. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilipoingia sokoni mwaka 1984, zile za kazi nzito zilikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Mwaka 1999 za mbele zikabadilishwa kuwa koili, na za nyuma zikabaki mabamba. Katika mabadiliko yote hayo shokapu haikuwahi kupewa kazi ya kubeba. Jina lenyewe, tulilolirithi kutoka Kiingereza ("shock absorber"), linachangia upotoshaji, kwa kuwa linadai kwamba kifaa hiki hufyonza mshtuko. Wanaoupokea mshtuko ni tairi na springi. Springi iliyobanwa hurudisha nguvu iliyoihifadhi, na ikiachwa peke yake gari litaendelea kunesa juu na chini. Hapo ndipo shokapu huingia kazini. Ndani yake pistoni yenye vali husukuma mafuta kupitia vitundu vyembamba, mwendo hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutoka nje kupitia ganda la chuma.

Kwa hiyo gari lililoinama nyuma haliinuliwi kwa kubadilisha shokapu. Shokapu za gesi zenye silinda moja husukuma juu kidogo, lakini hesabu yake ni ndogo: gesi yenye shinikizo la bar 25 ikisukuma fimbo ya pistoni yenye kipenyo cha milimita 14 hutoa nguvu inayolingana na kilo 39 hivi. Huo haufiki hata uzito wa abiria mmoja mzima. Springi zilizolala hunyooshwa au hubadilishwa, na hilo hufanyika kabla ya kufikiria shokapu, kwa sababu shokapu bora haiwezi kutuliza springi isiyokuwa na nafasi ya kucheza.

"Shokapu ngumu ni ya porini, laini ni ya starehe"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mnunuzi dukani huishika shokapu, huikandamiza kwa mikono miwili, kisha hutoa hukumu. Mkono husogea polepole, na katika mwendo wa polepole mafuta hupita kwenye vitundu vidogo tu. Vali kubwa, zinazofunguka pale gurudumu linaporushwa ghafla na jiwe, hazijaguswa kabisa. Shokapu iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa ngumu gari linapoyumba kwenye kona au linapofunga breki, na wakati huohuo ikalegea gurudumu linapopigwa kwa kasi. Mkono hauwezi kulibaini hilo.

Tuchukue barabara ya mawimbi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kwa sekunde. Ikiwa wimbi hadi wimbi ni sentimita 80, gurudumu hupigwa takriban mara 20 kila sekunde. Shokapu iliyo ngumu mno wakati wa kubanwa hupeleka kila pigo moja kwa moja kwenye chasisi. Iliyo ngumu mno wakati wa kutanuka huleta tatizo ambalo madereva wengi hulisoma kinyume: gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla ya wimbi linalofuata, springi hubanwa kidogo zaidi kila mara, gari huzama, na mwishowe ekseli huanza kupiga mpira wa kugongea, ule unaoizuia isigonge chasisi. Dereva akisikia mgongano huo huamini kwamba shokapu ni laini, naye hununua iliyo ngumu zaidi. Nimeona gari likibadilishiwa shokapu mara mbili kwa mantiki hiyo, na kila mara likazidi kuwa gumu.

Jibu liko kwenye mzigo. Gari la watalii lenye bodi iliyorefushwa, viti saba, paa la kufunguka, friji na tairi mbili za akiba hubeba uzito ule karibu kila siku, na springi zake huwa zimeongezwa mabamba. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, hivyo huhitaji shokapu yenye uwezo zaidi wa kuzuia kutanuka. Pikapu ya aina hiyohiyo inayokwenda shamba tupu na kurudi na magunia mara moja kwa wiki ni habari nyingine. Ikifungiwa seti ileile, itawatesa waliomo siku sita ili iwafae siku moja. Muuzaji asiyeuliza gari hubeba kilo ngapi, na springi zake zimeguswa au la, hajafikia hatua ya kutaja bei.

"Za gesi hazina mafuta"

Zote zina mafuta. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, huwekwa ili kuyakandamiza mafuta yasifanye povu yanapokorogwa kwa muda mrefu kwenye joto, kwa sababu povu hupita kwenye vali bila upinzani na gari hugeuka boti. Zenye silinda moja hupoa vizuri zaidi kwa kuwa mafuta yake hugusana na ganda la nje; zenye silinda mbili huvumilia zaidi ganda hilo likipigwa jiwe na kubonyea. Uchaguzi kati ya hizo mbili hutegemea njia unayopita, na lebo ya "gesi" peke yake haithibitishi ubora.

"Haivuji, kwa hiyo ni nzima"

Shokapu inayochuruzika mafuta imekufa, lakini isiyochuruzika si lazima iwe hai, kwani vali huchakaa na mafuta hupoteza uzito wake bila tone kuanguka. Lile jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuhesabu linanesa mara ngapi linafaa kidogo kwenye gari dogo la mjini. Kwenye springi za mabamba linadanganya, kwa sababu msuguano wa bamba juu ya bamba hulizuia gari kunesa hata kama hakuna shokapu ya maana. Dalili za kuaminika zaidi ni tairi kulika kwa mabonde mabonde na gurudumu kurukaruka kwenye njia mbovu. Kuna pia jaribio rahisi ambalo mafundi wa zamani wanalijua: baada ya kilomita kadhaa za mawimbi, simamisha gari, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa, kwani inaweza kuunguza, kisha linganisha za ekseli moja. Iliyobaki baridi ndiyo isiyofanya kazi.

Ikigundulika moja mbovu, zibadilishwe zote mbili za ekseli hiyo. Upande mmoja mpya na mwingine mchovu hulifanya gari litue kwa mshazari, na kwenye changarawe hilo ni suala la usalama kuliko starehe. Zile za mitumba zinazouzwa zikiwa zimepakwa rangi upya sizishauri kwa mtu yeyote. Rangi haifiki kwenye vali.

"Ukiliinua gari na kufunga shokapu ndefu, litakuwa laini"

Urefu hauleti ulaini. Unachotoa ni nafasi, tena kama vipimo vinaoana. Shokapu ndefu kwenye gari ambalo halijainuliwa hufika mwisho wa kubanwa kabla ekseli haijagusa mpira wa kugongea, na pigo lote huishia kwenye pistoni na vishikizo vyake. Shokapu fupi kwenye gari lililoinuliwa huwa kamba inayolizuia gurudumu kushuka, nayo huchanika sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) au hung'oka. Kipimo huchukuliwa pale ekseli inapokuwa juu kabisa na inapokuwa chini kabisa. Gari likiwa limesimama tu, kipimo hakijakamilika.

"Ugumu wote unatoka kwenye shokapu"

Ningekuwa na ruhusa ya kugusa kitu kimoja tu kwenye gari gumu, ningegusa upepo wa tairi. Tairi nzito za kazi hujazwa kwa ajili ya mzigo mkubwa, kisha gari huendeshwa likiwa tupu na upepo uleule. Kwenye changarawe, kupunguza upepo kwa asilimia 20 hadi 25 kutoka kiwango cha lami, huku mwendo ukipunguzwa pia na upepo ukirudishwa kabla ya kuingia lami, huleta nafuu ambayo abiria huihisi papo hapo bila kununua chochote. Baada ya hapo hutazamwa mabamba ya springi, ambayo yakishikana kwa kutu na tope hayatelezi tena, halafu bushi (mipira ya kwenye viungio) zilizokauka. Shokapu huja baada ya hayo.

Wapo wanaosema dawa ni kukanyaga mafuta ili gari "lielee" juu ya mawimbi. Mtikisiko hupungua kweli, kwa sababu gurudumu halishuki tena hadi kwenye bonde. Maana yake ni kwamba kwa sehemu ya muda tairi haigusi ardhi, usukani na breki hupoteza mshiko, na shokapu huendelea kupika mafuta yake.

"Kufunga ni nati mbili tu"

Shokapu ya silinda mbili iliyolala stoo huwa na hewa mahali pasipotakiwa. Isimamishwe wima, fimbo ivutwe yote na kubanwa mara tatu au nne kabla ya kufungwa, la sivyo italegea mwanzoni na mteja atairudisha. Fimbo inayong'aa isishikwe kwa koleo wakati wa kukaza nati ya juu, kwa kuwa mkwaruzo mmoja hukata sili. Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umejisokota muda wote na hupasuka mapema. Nati nazo zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza kwenye njia mbovu, kwa sababu mpira mpya hujikalia.